Kuku wa Kishingo wa Mama Rodrick

Watu wa kwetu wakimtaja Beatha wanasema, yule mama mpole. Mimi upole wake umenipandisha hasira kuliko ukorofi wa mtu yeyote ninayemjua, na nimeishi naye mpaka kwa mpaka, ua wa masale tu katikati yetu, tangu wote wawili tulipoletwa huku mlimani tukiwa maharusi. Mimi ni Asteria, Mama Blandina. Sina ulimi wa asali na sijawahi kusema ninao. Nikikasirika nasema, nikishasema nalala usingizi. Beatha, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Rodrick, akikasirika anachukua jembe anakwenda shamba.

Kwao ni chini, karibu na Hedaru, kwenye joto. Siku alipoolewa na Zephania alipanda mlima na kuku kwapani. Tulidhani ni wa kuchinja, tukainjika maji. Akasema hapana, huyu nimepewa na mama. Alikuwa tetea wa kishingo, shingo tupu nyekundu kama aliyenyolewa, na mawifi zake walicheka mpaka wakakaa chini. Mama yake alikuwa amemwambia, mume anaweza kukosa, mvua inaweza kukosa, huyu usimkose. Basi hakumkosa. Yule tetea aliangua, wanawe wakaangua, na kwa miaka yote hiyo ukiona kuku wa shingo tupu kwenye kilima chetu huulizi ni wa nani. Chumvi ilitoka kwa kuku hao, sabuni ilitoka kwao, na Rodrick alivaa sare za shule kwa mayai yao mpaka akamaliza, akaenda zake Dar es Salaam. Mama yake Beatha alishakufa zamani. Hakuacha hata picha. Aliacha kuku.

Na kuku hao hao ndio walioingia kwenye tangawizi yangu.

Nilikuwa nimepanda mbegu nzuri, nimeifunika majani, nimeimwagilia kwa zamu yangu ya maji. Asubuhi nikakuta kitalu chote kimechakurwa, vipande vya tangawizi vimelala juani. Nilipiga kelele mpaka ng'ambo ya bonde wakanisikia. Beatha alikuja, akatazama, akainama akaanza kuokota. Hakusema kitu. Nikampeleka kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Hezroni, naye akamuuliza mara mbili: Mama Rodrick, tulikubaliana msimu wa kupanda kuku wafungiwe, banda lilifunguliwa na nani? Kimya. Akaambiwa basi mwombe jirani yako radhi. Akasema atanilipa mbegu. Na mbegu akalipa, kikapu kizima, akakiacha kwenye masale bila hata hodi.

Mimi mbegu sikutaka. Nilitaka neno. Neno halikuja, na toka hapo hatukusalimiana. Zephania alipofariki mwaka ule ule nilikwenda msibani, nikapika, nikaosha sufuria, nikarudi kwangu bila kumshika mkono mjane wake. Kanisani yeye alikaa na kwaya, mimi nilikaa karibu na mlango.

Mwaka jana ukaja mdondo. Ugonjwa huu ukifika huku hauchagui ukoo. Ulifagia mabanda yote, asubuhi unakuta kuku wameinamisha vichwa, jioni unachimba shimo. Kwa Beatha ukaacha tetea mmoja tu wa kishingo. Kwangu ukaacha kuku mmoja mwekundu, mkali, ambaye nadhani hata ugonjwa ulimwogopa. Jogoo aliyebaki alikuwa wa balozi, na alifanya kazi ya mtaa mzima.

Tetea wa Beatha aliangua mwezi wa saba, baridi imekaza na ukungu unakaa mpaka mchana. Vifaranga wanane. Beatha akawafunika na mama yao kwa tenga, kwenye kona ya jiko. Siku mbili baadaye ulikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na mfereji wake, kila nyumba itoe mtu, wote tukaenda.

Sasa nimtaje Eliamini. Huyu ni mdogo wake marehemu Zephania. Ana duka Same, ana gari, ana tumbo. Tangu kaka yake afe amefanya nyumba ya Beatha kuwa hoteli yake. Akipata wageni mjini anawaambia twendeni kwetu milimani mkale kuku wa kienyeji, na anafika nao bila hata kupiga simu. Na kinachoniuma ni kwamba desturi iko upande wake. Huku kwetu mjane hamnyimi shemeji yake kuku wa kumchinjia mgeni, na nani angesimama aseme huo ni wizi? Lakini desturi hiyo hiyo inasema kuku aliye chini ya tenga haguswi. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo.

Siku ile ya msaragambo alifika na wageni, akakuta nyumba haina mtu. Uani hakuna kuku wa kukimbiza, wote wameshakufa. Akaingia jikoni, akafunua tenga. Kuku mwenye vifaranga hakimbii, anabaki pale pale kuwakinga wanawe, akamwokota kama anaokota boga.

Tuliporudi, matope mpaka magotini, Beatha mbele na mimi nyuma kwa mbali maana hatuongozani, manyoya yalikuwa uani na kuku yuko kwenye maji ya moto. Eliamini akasema, "Shemeji, tumekupunguzia kazi. Bado kuunga tu."

Na Beatha akaunga. Nilisimama upande wangu nikamwona kwa macho yangu mawili. Alinawa matope, akakata kitunguu, akampika kuku wa mama yake, na firigisi akampa Eliamini kwenye kisahani, kwa mikono miwili. Tena kuku mwenyewe hakuwa na nyama. Kuku aliyetoka kuatamia ni ngozi na mifupa, hata supu yake ni maji yenye jina. Wageni walitafuna kwa adabu. Mimi niliingia ndani nikapiga mlango mpaka mume wangu Nathanaeli akauliza nani kafa.

Beatha aliwaweka vifaranga kwenye kapu kando ya moto, akawafunika kwa kanga kuukuu. Lakini moto hauna mabawa. Asubuhi wawili walikuwa wamekauka. Kwa baridi ile kifaranga asiye na mama hana siku nyingi, na Beatha alijua kwamba kwenye kilima chetu chote kuku anayeatamia ni mmoja tu, na yuko jikoni kwa Asteria. Kumhamisha haiwezekani. Ukimtoa kwenye kiota alichokizoea anasusa, hamu ya kulea inamwisha, unabaki na kuku wa kawaida anayetafuta mchwa. Kama vifaranga wataishi, wataishi kwangu. Wasipoishi, kishingo wa mama yake ndio wamekwisha.

Jioni, giza linaanza, nikasikia sauti za vifaranga kwenye masale. Beatha alikuwa amesimama upande wake, kapu mikononi.

"Mama Blandina," akasema. Lilikuwa neno la kwanza tangu tangawizi. "Una kuku amelala."

"Ninaye."

"Ana muda?"

"Wiki mbili zimepita. Mayai ni viza, niliuziwa Hedaru, hayana kitu ndani."

Akalikumbatia kapu. Nilijua anachotaka, na nilikuwa nimeamua tangu asubuhi kwamba nitamwacha aombe. Nilitaka aombe kwa mdomo wake, nimsikie. Lakini wale vifaranga walikuwa wanalia ile sauti nyembamba ya baridi, na mimi si mnyama.

"Pita," nikamwambia. "Watakufa hapo ukinitazama."

Kuku wangu mwekundu ana roho kama yangu. Tulipoingia jikoni alijifutua manyoya, akaunguruma. Beatha alichukua kifaranga mmoja akamsogeza taratibu karibu na bawa. Dirishani kulikuwa na mwanga kidogo bado. Kuku akageuza kichwa, akamwona, akamdonoa shingoni mpaka damu ikatoka. Beatha akamrudisha kifuani kwake haraka.

"Ni shingo," nikasema. "Ameona ile nyekundu, anadhani ni nyama."

Nikachukua sufuria yangu ya makande, nikakwangua masizi chini yake, nikayachanganya na mafuta kidogo kiganjani. Nikampaka yule wa kwanza shingo nzima, ikawa nyeusi. Beatha akanipa wa pili. Tuliwapaka wote sita bila kusemezana. Kisha akatundika gunia dirishani, akafunika moto kwa majivu, akaniambia nizime na simu. Kuku gizani hahoji. Asubuhi akiamka na watoto chini yake, anaamini ni wake.

Alifanya kazi kwa kupapasa. Alipitisha mkono nyuma ya kuku, mgongo wa mkono ukiwa juu ili adonolewe yeye, akatoa yai moja viza na kuweka kifaranga mmoja mahali pake. Akangoja. Akatoa yai la pili. Kuku alimdonoa, nilisikia, na Beatha hakuutoa mkono. Mpaka vifaranga wote wakawa ndani. Halafu hakukuwa na la kufanya ila kusikiliza, maana kuku anayekataa huwarusha nje mmoja mmoja, na ukiondoka mapema unakuta maiti.

Tulichuchumaa gizani, mabega yanagusana kwa sababu jiko langu ni dogo. Nikashindwa kuvumilia.

"Tangawizi yangu," nikasema. "Kwa nini hukusema hata neno?"

Alisogeza sikio kwenye kiota kwanza. Kisha akasema, "Banda alifungua Zephania. Akili ilikuwa imeanza kumpotea. Alikuwa akiamka anafungua kila mlango anaouona. Ningesema, angeitwa kwa balozi, watu wangemwona alivyo."

Nilikasirika kuliko siku ya tangawizi yenyewe. Misimu yote ile nimebeba chuki mgongoni kama kuni mbichi, kumbe nambebea mgonjwa. "Ungeniambia mimi," nikasema. "Mimi peke yangu."

"Wewe una sauti kubwa, Mama Blandina."

Ni kweli, na kwa kuwa ni kweli ilinikera zaidi. Kabla sijamjibu, kuku wangu akabadili mlio. Akaacha kuunguruma, akaanza ile koo, koo, koo ya chini, ya kuita watoto. Vifaranga wakajibu kidogo, halafu wakanyamaza kwa sababu wamepata joto. Beatha alinishika mkono akaukamata hivyo kwa muda. Viganja vyake vilikuwa vimejaa masizi na vyangu pia.

Asubuhi wote sita walikuwa hai, na kuku mwekundu alikuwa na kifua cheusi. Alinirukia nilipomsogelea. Masizi yalipofutika alikuwa ameshawazoea, shingo tupu na yote.

Basi wakakulia kwangu. Beatha alitoboa njia ndogo kwenye masale, kila asubuhi anapita na punje za mahindi kwenye ngumi, anawatupia, anawahesabu, anaondoka. Mimi nilikuwa nagomba, yeye anasikiliza, na ndivyo tulivyozungumza. Mwewe alichukua wawili. Waliobaki wanne, jogoo mmoja na matetea watatu, mama yao mlezi alipowafukuza, Beatha aliwabeba akawapeleka bandani kwake. Jioni wakarudi jikoni kwangu kwa miguu yao. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akawafunga kamba. Walilia siku nzima, akawafungua, wakarudi. Lakini walikuwa kuku wake, na hakuna aliyewaza vingine. Shingo zao zilijieleza.

Desemba, watu wa mijini wakapanda kuja Krismasi, na Eliamini akapanda na wageni wake, wazee wawili na mke wa mmoja wao, watu wa Moshi. Akamwalika na balozi Hezroni ili ionekane ni shughuli. Nilikuwa nachambua mchicha nikamwona anapita kwenye ile njia ya masale, amekunja mikono ya shati.

"Shikamoo, Mama Blandina."

Marahaba haikataliwi. Nikaitoa.

"Nimekuja kuchukua kuku wetu mmoja."

"Kuku wenu gani walioko kwangu?"

"Si hao kishingo. Kila mtu anajua ni wa shemeji." Na macho yake yalikuwa yameshaingia jikoni, kwenye kiota, ambako tetea mmoja alikuwa ametulia anataga. Aliona hatalazimika kumkimbiza. Huyu mtu katika maisha yake hajawahi kumkamata kuku anayekimbia.

Nikasimama mlangoni na mwiko wa ugali. "Hawa wamelelewa na kuku wangu, chini ya paa langu."

"Sawa. Na mayai yalikuwa ya nani?"

Hapo alinibana. Wageni walikuwa wameshasogea kutazama, balozi nyuma yao. Eliamini alipaza sauti, akamwita Beatha, naye akatoka jikoni kwake akipangusa mikono kwenye kanga.

"Shemeji, mweleze jirani yako, naona ananigombanisha na wageni. Kuku hawa ni wako au si wako?"

Nilimwangalia Beatha. Akisema ni wake, mmoja anaingia chunguni leo, mwingine Pasaka, mwingine siku Eliamini atakayokumbuka njaa, mpaka waishe. Akisema si wake, mbele ya balozi na mbele ya wageni, basi si wake tena, kwa sababu kwetu neno la namna hiyo halirudi. Mimi nilitaka aseme la tatu. Nilitaka aseme ni wangu na huwagusi. Mara moja tu katika maisha yake nilitaka nimsikie akipiga kelele.

"Sema, Beatha," nikamwambia, kwa jina lake.

Alimtazama yule tetea kwenye kiota. Akatazama chini.

"Si wangu," akasema. "Ni wa Mama Blandina. Mama yao yule pale, mwekundu."

Eliamini akacheka kidogo. "Shemeji, wewe mwenyewe umetuimbia miaka yote kwamba ni kuku wa mama yako."

"Mama yangu alikufa," Beatha akasema. "Wageni, karibuni ndani. Makande yameiva."

Wakala makande. Makande matupu, bila hata mfupa, watu wa Moshi, siku mbili kabla ya Krismasi. Balozi alikula akiwa ameinamia sahani. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa unajua Eliamini amelisha wageni wake nini, na yeye aliondoka bila kumuaga mtu. Nilifurahi, sifichi. Furaha yenyewe haikukaa hata saa moja.

Nilivuka masale jioni ile ile. "Chukua kuku wako," nikamwambia. "Mimi sitaki mali ya uongo."

"Si uongo. Nimeshasema mbele ya balozi."

"Ulisema ili kumzuia yule mlafi."

"Na Pasaka akirudi atauliza tena," akasema. "Unataka nimjibu nini?"

Beatha alikuwa anaosha sahani za wageni. Aliziosha zote, akazipanga, akanipa kisahani kimoja nimshikie wakati anafuta meza. Kilikuwa kile cha firigisi.

Asubuhi nilingoja nimwone kwenye njia ya masale. Hakupita. Nikasema amekasirika, vizuri, angalau. Kumbe alikuwa amezunguka kwa barabarani, njia ndefu, nikamsikia mbele ya nyumba, mahali wanapobishia wageni.

"Hodi."

Nilitoka. Alikuwa amesimama nje ya uzio, punje za mahindi kwenye ngumi, amevaa kanga safi.

"Mama Blandina, samahani. Naomba niwaone kuku wako, kama una nafasi."

Nilimwambia asinitukane. Nilimwambia nikimsikia anasema vile tena nitawachinja wote kwa mkono wangu, na akajua ni maneno tu, kwa sababu aliinamisha uso kuficha kicheko. Akaingia. Kuku hawakuwapo uani. Tuliwakuta kwenye tangawizi, wote wanne, mwekundu akiwa mbele anawaonyesha, udongo unaruka. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, na hawa walikuwa wamefundishwa juu yake. Beatha alinigeukia akangoja. Niliinama, nikaanza kuokota mbegu, naye akainama upande wa pili.

Mpaka leo wanalala jikoni kwangu, na sasa wana vifaranga wao. Nimeshamwambia kwa upole, kwa ukali, na kupitia kwa balozi, kwamba wale ni kuku wa mama yake na nitawatunza tu. Anaitikia, ndiyo, Mama Blandina. Ile njia ya masale imeshaziba, majani yameota. Kila asubuhi anazunguka kwa barabarani anapiga hodi, kila asubuhi namwambia karibu, na kila asubuhi namkasirikia Eliamini upya.